Chagua Kabila Lako

Kwenye kituo cha vijana ninapofanya kazi hapa Kakuma tuna laptopu mbili zenye nguvu ya kubeba gemu kubwa, na moja kati ya hizo kibodi yake imekufa herufi tatu. Gemu inayochezwa zaidi ni Skyrim. Ni ya zamani, ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, wakati baadhi ya hawa wanaoicheza leo walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Lakini inakubali kwenye mashine dhaifu, haiombi intaneti, na mtu anaweza kutembea ndani yake miezi mitatu bila kuimaliza. Wanaotaka mpira wanaenda vibandani sokoni. Huku kwetu wanakuja wanaopenda hadithi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, inaanza hivi. Unaamka ndani ya mkokoteni wa farasi, mikono imefungwa, pamoja na wafungwa wengine. Mmoja anakueleza kwamba ulikamatwa ukijaribu kuvuka mpaka. Mnafika mji mdogo unaoitwa Helgen, mnashushwa, na askari mmoja amesimama na karatasi ya majina. Anaita mmoja mmoja. Akifika kwako anakutazama, anatazama karatasi, anakuuliza wewe ni nani. Hapo ndo gemu inasimama na kukufungulia ukurasa wa kujitengeneza: pua, macho, makovu, na kabla ya hayo yote, wewe ni wa watu gani. Wako aina 10. Ukimaliza kujitengeneza, askari anamwambia mkubwa wake kwamba jina lako haliko kwenye orodha. Mkubwa anasema orodha isiwe shida, mpelekeni akakatwe kichwa na wengine.

Walioitengeneza wako Marekani, na sidhani kama walitufikiria sisi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni mbele ya karatasi ya majina anajua tumbo linavyofanya pale. Vijana wangu wanacheka sana kwenye sehemu hiyo. Kuna mmoja kila mara anapiga kelele, “Rudi kesho, system iko chini!”

Sasa kuhusu neno. Ile gemu kwa Kiingereza inasema “race”. Hakuna aliyekaa akatafsiri, ila wote, Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini, Wasomali, wanasema kabila. “Ticha, niweke kabila gani?” “Hilo kabila la paka ni zuri usiku.” Sisi Wakongo tunalo na utani wake, maana marais wetu wawili walikuwa Kabila, baba na mtoto, kwa hiyo mtu akikwambia chagua Kabila unaweza kumjibu tulishachaguliwa. Lakini nje ya utani, swali hilo ndilo ambalo wengi wetu tuliulizwa barabarani na watu wenye bunduki, na jibu ndilo lililoamua nani anapita na nani anabaki pale. Nilijaribu kuwafundisha neno lingine. Nikasema tuseme jamii. Nikasema tuseme aina. Kwenye kamusi nikakuta mbari, nikaliandika ubaoni, likakaa siku mbili likafutwa. Limebaki kabila, na mimi mwenyewe nalitumia.

Wengi hawachagui kwa kufikiria sana. Wanaangalia faida. Nord hasikii baridi sana, High Elf ana uchawi mwingi, Khajiit, wale wenye umbo la paka, wanaona gizani na kucha zao zinakata, Argonian, wale mijusi, wanapumua chini ya maji. Mtoto anapiga hesabu, anachukua kinachomsaidia kupigana, basi. Mambo yanabadilika mkifika Windhelm.

Windhelm ni mji wa kaskazini, wa mawe, theluji mwaka mzima. Ndani yake kuna mtaa unaoitwa Gray Quarter, wanakoishi Dark Elf. Hawa ni wakimbizi. Nchi yao, Morrowind, iliharibiwa na mlima wa moto, wakakimbilia kwa jirani. Ukifuata miaka ya ile hadithi, mlima ulilipuka mwaka wa 5 wa zama hizo na gemu inachezwa mwaka wa 201. Yaani karibu miaka 200 watu hawa bado wanaitwa wageni, bado wamerundikwa mtaa mmoja ambao hakuna anayeutengeneza, na zamani mtaa wenyewe ulikuwa na jina lingine kabla ya wao kufika. Ukiingia tu mjini unakuta wanaume wawili wa Nord wanamzingira mwanamke Dark Elf, wanamtukana, wanamwambia watu wake wanakula bure na pengine ni majasusi. Nje ya ukuta, bandarini, wanaishi Argonian. Wanabeba mizigo ya meli, wanalipwa kidogo kuliko Nord, na kuingia mjini wamekatazwa. Na ukizunguka nchi nzima utakuta misafara ya biashara ya Khajiit imepiga hema nje ya miji, kwa sababu ndani hawatakiwi, wanasemwa ni wezi.

Nilipoiona mara ya kwanza nilishangaa mtu ameijuaje hii. Hasa ile ya hema nje ya ukuta. Kakuma kuna watu walizaliwa hapa, wamesoma hapa, wameoa hapa, na wakitaka kwenda Nairobi ni lazima kwanza watafute karatasi ya ruhusa ya kutoka. Hata Lodwar, ambayo si mbali, unaenda na karatasi. Kwa hiyo Khajiit anayeuza sufuria karibu na geti bila kulivuka anaeleweka hapa bila maelezo.

Ila kuna shida, na shida hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kijana mmoja wa miaka 16, wa Baraka, mtoto wa ziwa, alichagua Argonian kwa sababu ya kupumua majini. Alicheza wiki mbili akiwa ndani ya maji zaidi kuliko nchi kavu. Akafika Windhelm kupitia mtoni, akapandia bandarini, akaanza kuongea na mijusi wenzake. Wakamweleza: mshahara mdogo, mjini haturuhusiwi. Akawaahidi mmoja wao kwamba atamwendea tajiri amwambie aongeze malipo, maana gemu inakupa kazi hiyo. Lakini tajiri yuko ndani ya mji. Akasimama mbele ya mlango wa bandarini. Akaniuliza, “Ticha, napita wapi?” Nikamwambia jaribu hapo hapo. Akahifadhi mchezo kwanza, akatoa upanga, akarudisha upanga, akachungulia kama kuna njia ya juu ya ukuta. Karibu dakika kumi. Wenzake walikuwa wameanza kukusanyika nyuma yake, kila mmoja na ushauri, mmoja anamwambia ngoja usiku, mwingine anamwambia toa hongo.

Akaingia. Mlinzi hakusema kitu. Akatembea mtaa mzima, akaingia hoteli, akaingia mpaka ikulu ya Ulfric, yule jaro mwenyewe ambaye mji ni wake na sheria ni zake, akasimama mbele ya kiti chake. Hakuna aliyemwambia toka. Katika gemu hiyo Argonian anaweza hata kununua nyumba Windhelm. Dark Elf anaweza kula kiapo kwa Ulfric akapigana jeshini mwake. Msaidizi wake anakuuliza kwa nini asiye Nord atake kuipigania Skyrim, unajibu sentensi moja, yameisha.

Yule kijana akarudi bandarini, akamsemesha tena yule mjusi. Mjusi akarudia maneno yale yale, kwamba haturuhusiwi kuingia.

Akasema, “Huyu anadanganya. Ao mie siko Argonian.”

Akafunga laptopu kabla saa yake haijaisha, jambo ambalo hapa halijawahi kutokea.

Ubishi uliofuata uliendelea hadi tukafukuzwa na giza. Upande mmoja walisema ni kosa la watengenezaji. Kama sheria ipo, iwepo kwa wote. Upande mwingine uliongozwa na msichana wa Juba ambaye siku zote anacheza Khajiit na anajulikana kwa kuiba kila kijiko kwenye kila nyumba. Yeye alisema muacheni aingie. “Kwani hata kwa gemu lazima tuombe pass? Mimi nikifungua hiyo kompyuta ni masaa mawili ya kutembea bila mtu kuniuliza kitu. Nyinyi mnataka mniwekee polisi huko pia?”

Watu walinyamaza kidogo. Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kujifanya ninalo.

Lakini nimelifikiria, na bado niko upande wa mtoto wa ziwa. Shida yangu si kwamba aliruhusiwa. Shida ni wale waliobaki bandarini. Gemu ikisema kuna sheria ya kuwazuia, halafu mwenzao anaingia na kutoka bila hata kusukumwa bega, basi sheria ile haikuwa sheria, ilikuwa pambo. Wale mijusi wamewekwa pale kama pazia, ili mchezaji aone mji una mambo mazito, ahuzunike kidogo, aendelee na safari. Mateso ya watu wanaofanana na sisi yametumika kupamba ukuta. Na yule msichana, kwa heshima yote, hapumziki kwa sababu Khajiit wamekuwa huru. Anapumzika kwa sababu gemu imesahau kwamba yeye ni Khajiit. Hizo ni raha mbili tofauti.

Najua kwa nini ilikuwa hivyo. Gemu ya namna hii kila mtu ana sauti, na kila sauti ni mwigizaji aliyelipwa kuingia studio. Ukiwa na makabila 10, na kila mlinzi, kila muuza duka, kila jaro aseme tofauti kwa kila kabila, kazi inakuwa kubwa mno. Na mbaya zaidi kuliko maneno ni njia yenyewe ya hadithi. Ukimfungia Argonian nje ya Windhelm, kazi zote zilizo ndani ya Windhelm anazikosa, au utengeneze njia nyingine yake peke yake. Bethesda waliamua mchezaji aende popote, awe yeyote. Walipokuwa na nafasi ndogo ya kukumbuka kabila lako waliitumia: yule askari wa Helgen mwenye karatasi anakuambia maneno tofauti kulingana na ulivyochagua, na ukiwa Dark Elf anakuita mkimbizi mwingine tena. Ngome za Orc zinamfungulia Orc mwenzao moja kwa moja, wengine wote lazima kwanza wafanyiwe mtihani. Ile ya Orc vijana wanaipenda kuliko majoka. Na geti la Riften, mlinzi anakudai ushuru wa wageni ambao ni wazi unaishia mfukoni mwake. Huyo anadai kila mtu, awe paka, awe Nord. Hapo nilisikia kicheko kikubwa kuliko siku ya orodha. Wakasema huyu mlinzi ndo ametengenezwa na mtu aliyesafiri.

Kuna gemu zilizojibu swali hili kwa njia nyingine. Dragon Age: Origins, ya 2009, inakupa mianzo sita. Ukiwa elf wa mjini unaanzia kwenye mtaa uliozungushiwa ukuta, ndani ya mji wa binadamu, siku ya harusi yako, na mtoto wa bwana mkubwa anakuja kuiharibu. Ukiwa mbilikimo wa tabaka la chini unaanza na alama usoni inayoonyesha kwamba huna tabaka, na watu wa mji wako hawakuhesabu. Baadaye njia zote sita zinaungana kuwa moja, ila ukirudi ulikotoka, kunakukumbuka. Na wana ujasiri wa kukunyima. Kufunga ndoa na kiti cha ufalme kunawezekana kwa aliyeanza kama binadamu wa ukoo mkubwa tu. Elf anaweza kuokoa nchi nzima na bado asikae pale. Nilicheza hiyo kwenye kompyuta ya rafiki kabla sijaanza kazi hii, na nilikasirika, lakini nilikasirikia ile nchi, sikuwakasirikia walioandika. Hiyo hasira ni nzuri. Ndiyo ambayo mtoto wa ziwa aliitafuta pale mlangoni akaikosa.

Halafu ikaja ya pili, Dragon Age II, mwaka 2011, wakaondoa uchaguzi kabisa. Wewe ni binadamu, ukoo wako ni Hawke, basi. Wachezaji wengi walilalamika kwamba wamenyang'anywa. Nawaelewa. Lakini sikilizeni hadithi yenyewe ni nini. Kijiji kinavamiwa, familia inakimbia: mama, wewe, mdogo wako wa kike, mdogo wako wa kiume. Mmoja wa hao wadogo anafia njiani. Yupi, inategemea umechagua kupigana kwa upanga au kwa uchawi, na hukuambiwa mapema kwamba unachagua hilo. Mnavuka bahari hadi Kirkwall, mji wa ukoo wa mama, mnakuta geti limefungwa kwa sababu wakimbizi wamezidi. Mjomba mliyemtegemea amemaliza mali yote, nyumba ya babu haipo. Njia pekee ya kuingia ni kukubali kutumika mwaka mzima, ama kwa wauza magendo ama kwa askari wa kukodiwa, ili walipe hongo ya kuwapitisha.

Huwezi kuandika hivyo kwa makabila kumi. Mama yule ni wa ukoo fulani, mjomba ni kaka yake, na nyumba ile ilikuwa ya baba yao. Mchezaji akitaka kuwa mjusi, mama naye awe mjusi, na mjomba, na mji uwe na ukoo mkubwa wa mijusi, na hadithi yote inalegea. Walimfunga mchezaji kwenye ngozi moja, wakapata familia. Kwangu mimi ndiyo gemu iliyokaribia zaidi ukimbizi nilioujua, kuliko zile zinazokuruhusu uchague kabila la wanaoteseka. Nina lawama moja tu kwao: ule mwaka wa kutumika wanauruka. Unakubali kazi, na mara mwaka umepita. Laiti ingekuwa hivyo.

Baldur's Gate 3 ya 2023 sijaicheza, mashine zetu zingewaka moto. Tumeangalia watu wakiicheza kwenye simu, kwa bando la kuchangishana. Mwanzoni kabisa kuna wakimbizi wenye pembe, tiefling, waliokimbia mji wa Elturel, wamepewa hifadhi na wachawi wa msituni, na sasa wachawi wanataka kuwatoa na kufunga msitu. Mchezaji anaweza kuwa tiefling mwenyewe, na hapo maneno anayoambiwa yanabadilika. Ukiwa drow, magoblini wanakuheshimu bila jasho. Kumbe pesa na muda vikiwepo inawezekana kuchagua na bado dunia ikakujibu.

Hatuna hiyo pesa. Tuna daftari.

Tangu ule ubishi wa Windhelm wameanza kutengeneza gemu yao wenyewe, ya karatasi. Mmoja anasimulia, wengine wanacheza wahusika, dadu inaamua. Kuna mji mmoja wenye mageti matatu, na makabila manne: watu wa ziwa, watu wa mlima, watu wa mchanga, na watu wa moshi, ambao hakuna anayejua walitoka wapi, hata aliyewabuni. Msichana wa Juba ndiye aliyeleta sheria iliyopita bila ubishi, ingawa ni yeye aliyetetea kuingia bure. Kila kabila lina geti moja ambalo linakataliwa, na kila kabila lina nyumba moja ndani ya mji ambayo ukiingia hakuna anayekuuliza swali lolote, na aliyekukataza getini hawezi kukufuata humo. Nyumba hiyo hairushiwi dadu. Ni yako tu.

Sheria inayowasumbua ni ya kujificha. Mtoto wa ziwa anataka mchezaji aruhusiwe kudanganya kabila lake getini. Ukirusha dadu ukapata nne kwenda juu, mlinzi amekuamini, umepita kama mtu wa mlima. Wote wakakubali, maana nusu yao wamewahi kufanya hivyo, wengine kwa kubadilisha jina, wengine kwa kunyamaza tu ili lugha isisikike. Ila yeye ameongeza kifungu. Ukijificha mara tatu, siku ukifika kwenye nyumba ya watu wako, hata wao wanakuuliza. Useme neno la kwenu, au uimbe, au utaje jina la bibi. Ukishindwa unalala nje.

Msichana hataki kabisa. Anasema ile nyumba aliweka yeye, na aliiweka iwe mahali pasipo na swali, sasa anawekewa mlinzi mlangoni na ndugu zake mwenyewe. Mtoto wa ziwa anasema yeye hakuibuni, aliiona kwa shangazi yake. Tangu hapo hajaeleza zaidi, na sijamsukuma.

Jumamosi tunaijaribu kwa namna zote mbili, mara moja na kile kifungu, mara moja bila. Dadu tunayo moja, ya ludo, imechakaa hadi tundu la sita halionekani vizuri. Mama mmoja wa kibanda cha chai ameahidi kutuazima ya pili.